Fumbo Linapofundisha Hisabati

Hisabati ya burudani ni ile inayofanywa kwa sababu inavutia, hata kama haimo kwenye ratiba. Ndani yake mna chemshabongo za namba, mafumbo ya kuvusha watu na wanyama mtoni, michoro ya mstari mmoja, miraba ya namba, michezo ya kete, na maswali ya maumbo ambayo mtu anaweza kuyachora ardhini kwa kijiti. Kwa muda mrefu mambo haya yamehesabiwa kuwa ya kupitishia wakati, yanayofaa wiki ya mwisho ya muhula mitihani ikishasahihishwa. Dhana hiyo inayapunja. Matawi kadhaa ya hisabati yalianza kama fumbo, na fumbo zuri humzoesha mwanafunzi jambo ambalo mazoezi ya kawaida hulifundisha kwa shida, nalo ni kutafuta sababu.

Zoezi na fumbo hutofautiana katika kile anachokijua mwanafunzi kabla ya kuanza. Zoezi hufuata kanuni. Mwalimu ameeleza jinsi ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, amefanya mfano mmoja ubaoni, na maswali 10 yanayofuata yanafanana na mfano huo. Mazoezi ya aina hii yana kazi yake; hakuna anayefika mbali katika hisabati bila kuzoea kuzidisha na kugawanya hadi mkono uwe mwepesi. Fumbo, kwa upande wake, huja bila kanuni. Mwanafunzi anaelewa kinachoulizwa, mara nyingi kwa sentensi mbili tu, lakini hajui aanzie wapi. Hapo ndipo hulazimika kujaribu, kukosea, kuchora, kupunguza ukubwa wa tatizo, na kujiuliza kwa nini jaribio lake limekwama.

Mafumbo ya namna hii ni ya kale sana. Mafunjo ya Misri yanayojulikana kwa jina la Rhind, yaliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, yana hesabu ya nyumba 7, kila nyumba ina paka 7, kila paka amekula panya 7, kila panya alikula masuke 7 ya nafaka, na kila suke lingetoa vipimo 7 vya nafaka. Vikijumlishwa vyote, jibu ni 19,607. Hakuna mkulima wala karani aliyehitaji kujumlisha nyumba, paka na nafaka pamoja. Hesabu hiyo iliwekwa pale kwa kuwa inapendeza, na kwa kuwa ndani yake mna mfuatano wa namba unaozidishwa kwa 7 kila hatua.

Fumbo linalofahamika sana Afrika Mashariki ni la mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi unaombeba yeye na kitu kimoja tu. Chui akibaki na mbuzi atamla, na mbuzi akibaki na majani atayamaliza. Ulaya lilijulikana kwa mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, nalo limo katika mkusanyiko wa maswali ya kunoa akili za vijana unaohusishwa na Alcuin, mwalimu aliyehudumu katika baraza la mfalme Karolo Mkuu zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Jibu linahitaji safari 7. Mtu anavusha mbuzi kwanza na kurudi peke yake. Anavusha chui, kisha anarudi na mbuzi. Anamwacha mbuzi na kuvusha majani. Anarudi peke yake na kumalizia kwa mbuzi.

Ugumu wote umo katika safari ya 4. Mtoto anayelifanya fumbo hili kwa mara ya kwanza hukwama hapo, kwa sababu kumrudisha mbuzi ambaye tayari amevuka kunaonekana kama kuharibu kazi. Akishagundua kwamba kurudi nyuma kunaruhusiwa, na kwamba kwa kweli ndiko kunakofungua njia, amepata kitu atakachokikuta tena katika aljebra, pale mlinganyo unapolazimika kurefushwa kwanza ndipo ufupike. Zanzibar kumerekodiwa hadithi yenye fumbo la jamii hiyohiyo: mgeni aliyekataa kulipa ushuru anaamriwa kumpelekea mtoto wa sultani, ng'ambo ya mto, chui, mbuzi na majani. Mtumbwi unachukua vitu viwili pamoja naye, lakini hakuna vitu viwili vinavyoruhusiwa kubaki peke yao ufukweni. Safari 3 zinatosha, na hapa pia mgeni lazima arudi na kitu alichokwisha kukivusha. Mwalimu anayezitoa hadithi hizi mbili kwa pamoja huwapa wanafunzi nafasi ya kuona kwamba masharti yakibadilika, njia hubadilika, ila wazo la msingi linaweza kubaki lilelile.

Utajiri wa hisabati ya burudani, hata hivyo, hauonekani popote kama katika mchezo wa kuchora bila kuinua mkono. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti Emil Torday, mzaliwa wa Hungaria, alitembelea ufalme wa Kuba katika eneo la Kasai, ambalo leo limo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko aliwakuta watoto wa Kibushoong wakicheza mchangani. Walichora michoro ya mistari inayokatana, wakamtaka mgeni naye aichore kwa sharti kwamba kidole kisiinuliwe na mstari usipitiwe mara mbili. Mgeni alishindwa, ingawa kwa watoto ulikuwa mchezo wa kawaida.

Karibu karne mbili kabla yake, swali la aina hiyohiyo lilikuwa limezungumzwa katika mji wa Königsberg, Prussia, ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Mto Pregel uliugawa mji huo katika sehemu 4 za nchi kavu zilizounganishwa kwa madaraja 7. Watu waliuliza kama mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu, bila kurudia hata moja. Swali hilo lilimfikia Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, naye akalijibu katika makala inayotajwa kwa mwaka 1736. Jibu lake lilikuwa kwamba haiwezekani.

Sababu aliyoitoa inaweza kueleweka na mwanafunzi wa darasa la 5. Kila mtu anapoingia katika sehemu fulani ya mji kwa daraja moja, hana budi kutoka kwa daraja jingine. Kwa hiyo madaraja ya sehemu hiyo hutumika mawili mawili, na idadi yake lazima iwe shufwa. Sehemu zinazoweza kuwa na idadi witiri ni mbili tu, yaani pale safari inapoanzia na pale inapoishia. Huko Königsberg kisiwa cha katikati kilikuwa na madaraja 5, na kila moja ya sehemu 3 zilizobaki ilikuwa na madaraja 3. Sehemu zote 4 zina idadi witiri, hivyo hata mtu angetembea mwaka mzima, safari hiyo asingeipata. Kutokana na hoja hiyo fupi lilizaliwa tawi linaloitwa nadharia ya grafu, ambalo leo hutumika katika kupanga njia za magari, mitandao ya simu na nyaya za umeme.

Hapa pana somo ambalo vitabu vya shule hulitoa kwa nadra. Katika mazoezi karibu yote mwanafunzi anajua kwamba jibu lipo. Kazi yake ni kulifikia. Katika fumbo la madaraja lazima ajiulize kwanza kama jibu lipo. Akishindwa mara 20, bado hajui kama haiwezekani au ni yeye hajapata njia. Kinachomtoa katika shaka hiyo ni hoja, na hoja hiyo ndiyo inayoitwa uthibitisho. Mtoto aliyewahi kuthibitisha kwamba jambo haliwezekani, kwa maneno yake mwenyewe na kwa mchoro wa chaki sakafuni, amegusa kiini cha hisabati zaidi kuliko aliyepata maswali yote 10 ya zoezi kwa kunakili mfano.

Mfano wa tatu wa mstari mmoja unatoka kwa Wachokwe, wanaoishi mashariki mwa Angola na katika maeneo jirani ya Kongo na Zambia. Wazee wao walikuwa na desturi ya kuchora michoro iitwayo sona. Mchoraji huanza kwa kuweka nukta mchangani kwa ncha za vidole, zikiwa katika safu zilizonyooka. Kisha huzungusha mstari kati ya nukta hizo bila kuinua kidole, huku akisimulia hadithi, kitendawili au wasifu wa mnyama. Vijana walifunzwa hatua za mwanzo wakiwa jandoni. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza hisabati iliyomo ndani ya michoro hiyo.

Mchoro mmoja wa sona unafanana na mkeka uliosukwa, ukiwa na nukta zilizopangwa kwa umbo la mstatili. Ikiwa kuna safu 3 za nukta 4 kila moja, mstari mmoja huzizunguka nukta zote na kurudi ulipoanzia. Ikiwa ni safu 4 za nukta 6, mstari mmoja hautoshi. Inahitajika mistari 2. Kwa safu 3 za nukta 6, mistari 3. Idadi ya mistari ni Kigawo Kikubwa cha Shirika cha namba mbili za safu na nukta. KKS ni mada ambayo wanafunzi wengi huikariri kama utaratibu wa kugawanya kwa namba tasa, bila kuona inahusu nini. Kwenye mchoro huu wanaiona kwa macho, na wanaweza kuigundua wenyewe wakipewa karatasi ya miraba na muda wa kutosha. Ni jambo la kusikitisha kwamba urithi huu wa Kiafrika unajulikana zaidi katika maktaba za vyuo vikuu kuliko katika shule za bara lenyewe.

Miraba ya namba ni uwanja mwingine wenye mavuno mengi. Mwanafunzi anapewa mraba wenye vyumba 9 na namba 1 hadi 9, na anatakiwa kuzipanga ili kila safu ya kulala, kila safu ya kusimama na kila ulalo utoe jumla ileile. Mpango mmoja unaofaa ni huu: juu 2, 7, 6, katikati 9, 5, 1, chini 4, 3, 8. Kila upande jumla ni 15. Katika nchi za Kiislamu, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki, miraba kama hiyo imejulikana zaidi kupitia hirizi. Lakini palikuwa pia na wanazuoni walioisoma kama hisabati. Muhammad ibn Muhammad wa Katsina, mji ulioko kaskazini mwa Nigeria ya leo, aliandika kwa Kiarabu kitabu juu ya namna ya kuitengeneza, akimtia moyo msomaji asikate tamaa. Alifariki Cairo mwaka 1741.

Darasa likiachiwa kujaribu tu, wanafunzi wengi hupata jibu kwa kubahatisha, na hapo njiani hujumlisha namba mara nyingi kuliko ambavyo ukurasa mzima wa mazoezi ungewalazimisha. Faida hiyo si ndogo. Lakini sehemu yenye thamani kubwa huanza mwalimu anapouliza kwa nini 5 iko katikati. Namba 1 hadi 9 zina jumla ya 45, na safu 3 zinagawana jumla hiyo, hivyo kila safu lazima iwe 15. Kupitia chumba cha katikati hupita mistari 4: safu ya kulala, safu ya kusimama na ulalo mbili. Jumla ya mistari hiyo ni 60. Ndani ya 60 kila chumba kimehesabiwa mara moja, isipokuwa cha katikati kilichohesabiwa mara 4, yaani mara 3 zaidi. Ukitoa 45 kwenye 60 zinabaki 15, ambazo ni mara 3 ya namba ya katikati. Basi namba hiyo ni 5, na haiwezi kuwa nyingine.

Kisha swali la pili: je, 1 inaweza kukaa pembeni, kwenye kona? Kona iko katika mistari 3. Kwa hiyo zingehitajika jozi 3 tofauti zenye jumla ya 14. Ziko mbili tu, 5 na 9, 6 na 8. Namba 1 lazima ikae katikati ya upande. Kufikia hapo mraba karibu umejijaza wenyewe. Mwanafunzi aliyefuata hoja hii anaweza kuulizwa namba zikiwa 2 hadi 10 itakuwaje, au 11 hadi 19, naye atajibu bila kubahatisha. Bila kutajiwa neno aljebra, ameanza kuifanya.

Kwamba mafumbo humfungulia mlango hata mtu asiye na shahada, ushahidi wake uko katika habari za Marjorie Rice. Mmarekani Martin Gardner, ambaye mwenyewe alisomea falsafa, aliandika safu ya michezo ya hisabati katika jarida la Scientific American kuanzia mwaka 1957 kwa takriban robo karne. Mwaka 1975 aliandika juu ya pembetano zinazoweza kufunika sakafu bila kuacha nafasi wala kupandana. Pembetatu, mraba na pembesita zenye pande sawa hufunika sakafu bila shida, kwa kuwa pembe zake za 60, 90 na 120 zinaigawa 360 bila baki. Pembetano yenye pande na pembe sawa haiwezi, maana pembe yake ni 108. Ila zipo pembetano zisizo sawa zinazoweza, na swali lilikuwa ziko aina ngapi.

Rice alikuwa mama wa nyumbani mjini San Diego, na hisabati aliyosoma iliishia sekondari. Aliisoma makala hiyo, akabuni alama zake mwenyewe za kuandika uhusiano wa pembe na pande, akawa anachora jikoni kazi za nyumbani zilipomruhusu. Hadi kufikia mwaka 1977 alikuwa amegundua aina 4 ambazo wataalamu hawakuzijua. Aina zote, ukiacha zenye pembe iliyobonyea kwa ndani, ni 15. Ya mwisho ilipatikana mwaka 2015, na miaka miwili baadaye Mfaransa Michaël Rao alitoa uthibitisho, kwa msaada wa kompyuta, kwamba hakuna nyingine.

Waswahili nao wana bao. Ubao wake una safu 4 za mashimo 8, na kete 64, kila mchezaji 32. Mchezo huanza na namu, ambapo kila mmoja ana kete 22 mkononi na kuingiza moja kila zamu, kisha huja mtaji kete zote zikishaingia. Mchezaji mahiri huona mzunguko mrefu wa kete utaishia wapi kabla hajagusa shimo la kwanza. Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt alifanya tasnifu ya uzamivu, iliyotoka mwaka 1995, juu ya ustadi wa mabingwa wa Zanzibar katika kufikiri hatua nyingi mbele. Darasani bao linafaa kufundishia hesabu ya baki. Upande wa mchezaji una mashimo 16. Kete 5 zikigawiwa moja moja kutoka shimo la 14, ya mwisho huangukia shimo la 3, kwa sababu 19 ukitoa 16 hubaki 3. Hesabu hiyohiyo ndiyo ya saa na ya siku za juma.

Pamoja na sifa hizi zote, mafumbo yana mipaka. Madai kwamba sudoku au michezo ya simu huongeza akili kwa ujumla hayana msingi imara. Tafiti za michezo ya kunoa ubongo zimeonyesha kwamba anayefanya mazoezi huboreka hasa katika mchezo uleule anaoucheza. Fumbo hufundisha hisabati pale tu linapofuatwa na mazungumzo juu ya sababu zake. Likiishia kwenye jibu, limekuwa burudani, ambayo ni njema, ila haijawa somo. Tena yako mafumbo mabaya. Yale yanayozunguka WhatsApp yakidai kuwa wenye akili pekee ndio watakaoweza, mengi hutegemea alama zilizoandikwa ovyo au picha yenye kitu kilichofichwa, na kumwacha mtu akijiona mjinga bila sababu. Fumbo linalostahili kuingia darasani huwa wazi katika masharti yake, na jibu lake likishaelezwa, kila mtu hukubali kwamba ni kweli.

Kosa jingine ni kuyafanya mafumbo zawadi ya wanaomaliza kazi mapema. Mwanafunzi mzito wa kukokotoa huwa hayafikii kamwe, ingawa mara nyingi yeye ndiye anayeyahitaji zaidi. Nchini Tanzania, hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha 4. Sababu ni nyingi, zikiwemo uhaba wa walimu na lugha ya kufundishia, na hakuna chemshabongo itakayoziondoa. Kinachoweza kuondolewa ni woga, ile imani ya mtoto kwamba hisabati ni ya wengine. Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, umetaja fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo kuwa miongoni mwa umilisi wa msingi, na mafumbo ni njia ya moja kwa moja ya kuutimiza.

Namna ya kuyatumia iliandikwa vizuri na George Pólya, mwanahisabati mwenye asili ya Hungaria aliyefundisha Stanford, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu jinsi ya kutatua tatizo. Ushauri wake kwa mwalimu ni kusaidia kwa maswali na kujizuia kutoa majibu. Kinachotafutwa ni nini? Umepewa nini? Je, unajua tatizo dogo linalofanana na hili? Baada ya jibu kupatikana, mwalimu arudi nyuma na darasa: hoja imekamilika? Ingefaa mahali pengine? Mwalimu mwenye wanafunzi 80 anaweza kuwagawa wanne wanne, akawapa fumbo moja, akawaacha wabishane kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote wanayoimudu, kisha kila kundi likatoa sababu zake mbele ya wengine.

Vifaa havigharimu. Vifuniko 9 vya soda vilivyoandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito vinatosha kwa mraba, mchanga unatosha kwa sona na madaraja, na ubao wa bao upo karibu kila mtaa wa pwani. Kipindi kimoja kila wiki mbili si kingi kukitenga. Wazazi wanaweza kufanya hivyo nyumbani baada ya chakula cha jioni, na wahariri wa kurasa za watoto katika magazeti wangefanya jambo la maana kama wangechapisha, pamoja na jibu la chemshabongo, maelezo ya kwa nini jibu ni hilo.